Picha Ambayo Mwisho Wake Tunaujua

Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Same kutwa, na mengi yana televisheni mbele ya abiria. Picha ikiwekwa baada ya Korogwe, wapo watakaoshuka Hedaru, wengine Makanya, wengine Same mjini, kabla stelingi hajamfikia adui yake. Mwisho wa picha hiyo watasimuliwa na mtu aliyewahi kuimaliza. Siku wakikutana nayo tena, katika banda la video au kwenye simu ya jirani, watakaa waitazame hali wanajua nani atakufa na nani atabaki. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu linapingana na hukumu inayotolewa kila mara filamu ya zamani ya taharuki inapotengenezwa upya, kwamba kuirudia ni kazi bure maana mwisho tunaujua. Mimi nashikilia kinyume chake. Penye taharuki, mtazamaji anayejua ndiye anayeumia zaidi na ndiye anayefaidi zaidi, na filamu iliyorudiwa ipimwe kwanza kwa namna inavyoutumia ule ujuzi ambao mtazamaji amekuja nao.

Mfano ulio karibu na watazamaji wetu ni Don. Filamu ya kwanza ilitoka India mwezi Mei 1978, ikiongozwa na Chandra Barot kwa hadithi ya Salim Khan na Javed Akhtar, na Amitabh Bachchan akicheza nafasi mbili. Don ni kiongozi wa genge la magendo. Polisi wanamkimbiza, anajeruhiwa, anakufa mapema kabisa katika picha, na afisa wa polisi D'Silva anamzika kwa siri. Afisa huyo anamjua kijana mmoja maskini, Vijay, anayefanana na Don kama pacha. Anamfundisha mwendo na tabia za marehemu, kisha anampenyeza ndani ya genge, kwa ahadi kwamba watoto wawili anaowalea watasomeshwa. Halafu D'Silva anauawa katika msako, naye ndiye shahidi pekee ambaye polisi wangemwamini. Kuanzia hapo Vijay hana pa kushika. Polisi wanamwinda wakidhani ni Don, na genge linamwinda likishagundua kwamba siye. Tuangalie ujuzi ulivyogawanywa. Sisi tuliokaa kwenye viti tunaijua kweli karibu yote, na wale walio ndani ya picha hawaijui. Kila polisi anapoinua bastola, mtazamaji anataka kumpigia kelele kwamba huyo siye. Taharuki ya Don ya 1978 imejengwa juu ya kelele hizo. Inayo siri yake moja kuhusu afisa wa Interpol, lakini siri hiyo sicho kinachomfanya mtu aitazame mara ya tatu.

Mwaka 2006 Farhan Akhtar, mtoto wa Javed yuleyule aliyeandika hadithi ya kwanza, aliirudia filamu hiyo akimweka Shah Rukh Khan mahali pa Bachchan na kuihamishia sehemu kubwa ya hadithi Kuala Lumpur. Kwa muda mrefu picha inafuata njia ya zamani. Don anajeruhiwa na tunaaminishwa amekufa, Vijay anaingia gengeni, msichana aitwaye Roma anataka kulipiza kisasi cha kaka yake. Mtazamaji wa zamani anakaa kwa utulivu wa mtu anayepita barabara aliyoizoea. Kisha katika dakika za mwisho anaambiwa kwamba aliyekufa ni Vijay, na yule aliyekuwa akimwonea huruma saa nzima ni Don mwenyewe, aliyejifanya Vijay anayejifanya Don. Katika mabanda yetu kuna kanuni inayojulikana na kila mtoto: stelingi hafi. Hapa stelingi alikufa bila sisi kumlilia, na tukamshangilia adui hadi mlango wa kutokea. Maoni ya watazamaji yaligawanyika tangu hapo. Wako waliosema wametapeliwa, kwamba Don ya kweli ni ya mtu mwema anayeponea chupuchupu, na kwamba Shah Rukh hana uzito wa Bachchan. Wako waliosema mwisho ule ndio uliohalalisha kazi nzima. Mimi niko upande wa hawa wa pili, na sababu yangu ni hii: kipigo kile hakiwezi kumfikia kwa nguvu zote mtu asiyeijua filamu ya 1978. Mgeni atashangaa kidogo, kama anavyoshangaa kwenye picha yoyote yenye mgeuko mwishoni. Mwenyeji ndiye anayetikisika, kwa kuwa alikuwa na hakika. Farhan Akhtar hakujaribu kuuficha ujuzi wa watazamaji wa baba yake. Aliutegea mtego.

Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyehamia Hollywood, alilieleza jambo hili katika mazungumzo marefu aliyofanya mwaka 1962 na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut. Watu wamekaa mezani wakizungumza mambo ya kawaida, na chini ya meza kuna bomu. Watazamaji wasipojua, bomu likilipuka watashtuka kwa sekunde 15. Wakimwona aliyelitega, na saa ya kulipuka wakaijua, mazungumzo yaleyale ya kawaida yatawatoa jasho kwa dakika 15. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Hollywood kuzipata hali hizi mbili. Katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa 1960, mpelelezi Bwana Msa anatuacha gizani hadi afunue mwenyewe. Katika Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, cha 1974, hatuna shaka kwamba jasusi Willy Gamba atatoka salama, na bado mikono inatutetemeka tunapofungua ukurasa. Cha kwanza kinatupa mshangao mwishoni. Cha pili kinatupa taharuki njiani. Ubishi mwingi kuhusu filamu zilizorudiwa unatokana na kuchanganya vitu hivi viwili. Mshangao hutumika mara moja ukaisha. Taharuki haiishi kwa kujulikana, kwa sababu tangu mwanzo ililishwa na kujua.

Hitchcock alipata nafasi adimu ya kulithibitisha hilo kwa kuirudia filamu yake mwenyewe. The Man Who Knew Too Much aliitengeneza Uingereza mwaka 1934, akaitengeneza upya Marekani mwaka 1956. Ya kwanza inaanzia kwenye theluji ya Uswisi, ya pili inaanzia Marrakech, Moroko. Zote mbili zinafika kwenye ukumbi wa Albert Hall, London, ambako muuaji ameagizwa afyatue risasi wakati ule ule matoazi ya okestra yanapogongwa, ili mlio wa bunduki umezwe na muziki. Ili mpango huo ututishe, ni lazima tujue matoazi yatagongwa lini. Kwa hiyo filamu inatufundisha. Muuaji anachezewa santuri ya muziki ule kabla ya kwenda ukumbini, na mtazamaji anausikiliza pamoja naye hadi aujue. Katika toleo la 1956 sehemu ya Albert Hall inakwenda kama dakika 12 bila mazungumzo. Muziki unapanda, mama anaangaza macho, mpiga matoazi anasimama na kuvishika vyombo vyake, na sisi tunahesabu. Asiyeujua wimbo hana cha kuhesabu. Watazamaji wa sinema wanabishana hadi leo ipi ni bora, ile ya dakika 75 au hii ya dakika 120. Hitchcock mwenyewe aliiona ya kwanza kuwa kazi ya mwanagenzi mwenye kipaji na ya pili kazi ya mtaalamu. Wanaopenda ya 1934 wana hoja nzuri kuhusu wepesi wake. Lakini kwenye ukumbi ule, ambako kujua kunahitajika zaidi, toleo la pili linaishinda la kwanza, kwa sababu lilitengenezwa na mtu aliyekwisha kuelewa kwamba kumwambia mtazamaji mapema hakumpunguzii kitu.

Hapa pana pingamizi zito, nalo ni Psycho. Ikiwa kujua ndiko kunakolisha taharuki, kwa nini filamu iliyorudiwa kwa uaminifu kuliko zote ndiyo iliyokataliwa kuliko zote? Hitchcock aliitoa Psycho mwaka 1960. Mwanamke aitwaye Marion Crane anaiba dola 40,000, anakimbia, analala katika hoteli ndogo ya barabarani, na kabla filamu haijafika nusu anachomwa kisu bafuni akafa. Hitchcock alisisitiza kwamba majumba ya sinema yasimruhusu mtu kuingia baada ya picha kuanza. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia karibu pigo kwa pigo, kamera ikikaa palepale ilipokaa ya kwanza, maneno yakiwa karibu yaleyale, muziki wa Bernard Herrmann uleule. Tofauti kubwa zilikuwa rangi, waigizaji wapya, na fedha zilizoibwa kupanda hadi dola 400,000. Filamu haikurudisha gharama zake kwenye majumba ya sinema, na ilipewa tuzo za kejeli za Razzie, ikiwemo ya mwongozaji mbovu. Roger Ebert, mhakiki wa Chicago, aliona kwamba jaribio hilo limethibitisha kuwa kipaji hakikai ndani ya picha zenyewe zinazoweza kunakiliwa, kinakaa katikati yake na chini yake.

Nakubaliana na hukumu ile juu ya Van Sant, lakini naona sababu yake ni nyingine. Nguvu kuu ya Psycho ya 1960 ilikuwa mshangao. Mtazamaji alidhani Marion ndiye stelingi, na stelingi hafi. Mshangao huo ulikwisha kutumika, na baada ya miaka 38 hata asiyewahi kuiona filamu alikuwa amesikia habari za bafu lile. Van Sant alilirudia pigo ambalo kila mtu alilitarajia, kwa mpangilio uliotengenezwa kwa ajili ya watu wasiolitarajia. Angekuwa na nafasi kubwa kama angejiuliza watazamaji wake wanajua nini. Ushahidi umo ndani ya filamu hiyohiyo. Baada ya mauaji, Norman Bates, mwenye hoteli ile, analisukuma gari la marehemu kwenye kinamasi. Gari linazama, linazama, kisha linasimama ghafla huku sehemu yake ikiwa bado juu ya tope. Norman anashikwa na hofu, nasi tunashikwa nayo, ingawa tunapaswa kutaka gari lile lionekane. Kisha linazama lote. Mtu anaweza kuiona sehemu ile mara kumi na bado akabana pumzi, kwa sababu ni taharuki tupu, haina mshangao ndani yake. Psycho ya 1998 ilishindwa pale ilipotegemea mshangao wa kuazima. Pale ambapo chanzo chake kilitegemea kujua, bado inasimama vizuri, na watazamaji wachache wanaoitetea huenda ndicho wanachokiona.

Sasa turudi Same, chini ya Milima ya Upare, kwa kuwa nadhani watazamaji wa huku wana sifa ya pekee ya kuhukumu mambo haya, sifa ambayo haijathaminiwa. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Majumba ya sinema yalikuwa ya miji, na kwa mtu wa Same mji wenyewe ulikuwa Moshi, kama kilomita 100 hivi, au Tanga upande wa pili wa reli. Mtu wa Chome au Mbaga alikuwa na mlima wa kushuka kabla hata hajafika barabarani. Picha basi zilisafiri kwa mdomo. Mmoja aliona, wengi wakasimuliwa. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya watazamaji wa sinema wa miji ya Tanzania, anaeleza jinsi watu walivyorudi kuiona picha ileile mara nyingi, wakashika nyimbo za Kihindi wasizoelewa maneno yake, wakabishana juu ya wahusika kama majirani zao. Huyo ni mtazamaji ambaye kwake kurudia lilikuwa jambo la kawaida. Na milimani kwenyewe masimulizi yana kazi hiyohiyo. Huko Mbaga kuna jiwe la Malameni, ambalo simulizi za wenyeji zinalihusisha na watoto waliotolewa kafara ili kuondoa balaa. Kila anayepandishwa kulitazama ameambiwa habari yake kabla ya kufika, na kuambiwa huko ndiko kunakomfanya atembee polepole.

Wakoloni hawakumwona hivyo mtazamaji wa Kiafrika. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa filamu za elimu uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe, kwa majirani wa Wapare. Chini ya Meja L. A. Notcutt, mradi ulitengeneza filamu, ukazizungusha kwa lori katika Tanganyika na nchi jirani, na ukakusanya maoni ya waliozitazama. Lilikuwa jambo jema kuwauliza. Lakini fikra iliyotawala wakati huo, na iliyokomaa zaidi katika kitengo cha filamu cha makoloni kilichoanzishwa 1939, ilikuwa kwamba Mwafrika apewe picha za polepole, nyepesi, zisizo na ufundi wa kuchanganya. Watu hao hao walikuwa wakikaa jioni kusikiliza ngano zenye majina ya uongo, wahusika waliojigeuza, na mazimwi yanayojulikana na msikilizaji lakini yasiyojulikana na bibi harusi. Ugawaji wa ujuzi katika Don hauna kitu kigumu kuliko huo.

Anayeonyesha jambo hili waziwazi zaidi ni mtafsiri wa video. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, Kenya inamjua DJ Afro, Uganda inamjua VJ Jingo, na sauti za watu wa kazi hiyo zimefika katika kila banda lenye benchi na spika, Same ikiwemo. Mtafsiri hatafsiri maneno tu. Anawapa wahusika majina, anaeleza tabia zao, anaongeza visa, na mara nyingi anasema mbele kitakachotokea: huyu anayecheka hapa mnamwona, ndiye atakayemuuza mwenzake. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hii nchini Tanzania, anaichukulia kama utendaji kamili wenye uhusiano na masimulizi ya zamani, na naona yuko sahihi. Kwa maneno ya hoja yangu, mtafsiri huirudia filamu papo hapo, na hugeuza mshangao kuwa taharuki. Mwongozaji alitaka tusijue nani msaliti hadi mwisho. Mtafsiri ametuambia dakika ya 20. Tangu hapo kila msaliti anapomkumbatia stelingi, banda zima linaguna. Picha imekuwa nyingine, na mara nyingi kwa picha za kawaida za mapigano imekuwa bora, kwa kuwa siri yenyewe haikuwa na thamani kubwa.

Wapo watakaosema huku ni kuharibu kazi ya mtu, na kwamba aliyelipa kiingilio ana haki ya kushtuka kama mwongozaji alivyokusudia. Upande wa hakimiliki sina utetezi: filamu nyingi zimetafsiriwa na kuuzwa bila mwenyewe kupata senti, na hilo ni dhuluma. Lakini kwamba kuambiwa mapema kunaua utamu, hilo halijathibitika. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi 12 wazisome, nyingine zikiwa zimefichuliwa mwisho wake. Wasomaji kwa jumla walizifurahia zaidi zilizofichuliwa. Watafiti wengine baadaye walipata matokeo ya kinyume, kwa hiyo si haki kuutumia utafiti mmoja kama rungu. Mimi nauchukulia kuwa umeonyesha angalau kwamba jambo hili halijaamuliwa kwa upande wa walalamikaji. Na tuna ushahidi mkubwa zaidi ya maabara. Filamu ya Titanic ya 1997 ilisimulia meli ambayo dunia nzima ilijua ilizama Aprili 1912, ikaliza watu kila mahali ilipofika, hadi Dar es Salaam, ambako iligeuzwa pia kuwa hadithi ya picha za kuchora kwa Kiswahili. Hakuna aliyedai kiingilio chake kirudishwe kwa sababu alijua meli itazama.

Pingamizi lililobaki linatoka kwa watu wazima, nalo halihusu mwisho. Wanasema ya zamani ilikuwa na kitu ambacho mpya haina. Wanaisikia sauti ya Kishore Kumar ikimwimbia Bachchan, wanaikumbuka foleni, wanaikumbuka safari ya kwenda mjini. Sidharau hata chembe ya hayo, maana filamu huishi ndani ya maisha ya watu na haiwezi kutolewa humo kwa mkasi. Hata hivyo anayesema hivyo anapima vitu viwili vya aina mbili: picha nzima pamoja na ujana wake upande mmoja, na picha peke yake upande wa pili. Kipimo cha haki ni kuiweka ile ya zamani leo, kwenye skrini ileile, na kuitazama kwa mpangilio wa leo. Vijana wa Same wamekwisha kufanya jaribio hilo bila kukusudia. Wanaojaziwa muvi kwenye flashi dukani hawapewi kwa mpangilio wa miaka. Wengi wamekutana na Shah Rukh kwanza na Bachchan baadaye, au Bachchan hawajamfikia bado. Kwa kijana wa namna hiyo Don ya 1978 ndiyo iliyorudiwa, na ndani yake kuna jambo la ajabu linalomsubiri. Ameshajua kutoka 2006 kwamba Vijay anaweza kuwa Don. Atamtazama Bachchan kwa shaka muda wote, akitafuta jicho la hila ambalo halipo, na wema wa Vijay wa zamani utamwingia taratibu kama kitu ambacho hakukitarajia. Filamu ya mtoto imeipa filamu ya baba taharuki ambayo haikuwa nayo ilipotoka. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kurudia huondoa tu. Kurudia kukifanywa na mtu mwenye akili huongeza, tena huongeza pande zote mbili.

Kwa hiyo lawama ya haki kwa filamu iliyorudiwa si kwamba tunaujua mwisho wake. Lawama ya haki ni kwamba mtengenezaji amefanya kazi kana kwamba hatuujui, akatuficha kilichokwisha kufichuka, kama Van Sant. Na hili linawahusu pia watafsiri wetu, ambao kila siku wanaamua kiasi gani cha kusema mapema na mbele ya nani. Bandani hukaa mzee aliyeijua Don ya Bachchan na mtoto asiyejua lolote, benchi moja. Katika picha ya 2006 afisa De Silva anageuka kuwa Vardhan, jambazi mkubwa anayetafutwa. Hilo mtafsiri anaweza kulitangaza tangu mwanzo bila hasara, na kila De Silva anapompigapiga Vijay begani watu watashika vichwa. Siri ya Vijay ni nyingine. Akiitoa kabla ya dakika za mwisho, mtoto atapoteza mshangao mdogo, lakini mzee atapoteza kitu kikubwa zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeingia na hakika ya miaka 28, na filamu nzima ilitengenezwa ili kuivunja hakika hiyo mwishoni.